Siku Waruguru Alipokataa Supu

Wifi yangu Waruguru hubeba gunia la viazi mgongoni jinsi wanawake wengine wanavyobeba mtoto, bila kulifikiria. Kibanda chake kiko katika soko la Githurai 45, na lori la viazi likifika alfajiri yeye hangojei vijana wa kushusha mizigo. Anafunga leso kiunoni, anageuza mgongo, anasema "Weka", na gunia linawekwa. Ana miaka arobaini na minane. Wanaume wa soko humwita Tinga, yaani trekta, na yeye huitika.

Nalitaja hilo mapema ili mtu asije akanisimulia kwamba Waruguru ni mgonjwa. Nimeambiwa hivyo na watu wengi mwaka huu, wengine wakiwa wamevaa koti jeupe, na nimechoka kusikia.

Mimi ni Bridget Apiyo, fundi cherehani wa Ruiru. Nimeolewa na mdogo wake, Macharia, na binti yetu ni Wamboi. Siku niliyopelekwa kwao Murera mara ya kwanza, watu walinisalimia kwa adabu ile ya kumpima mtu. Waruguru peke yake ndiye aliyesema alichokuwa nacho moyoni. "Wewe msichana wa ziwa," aliniuliza, "unaweza kumenya viazi debe nzima?" Nikamwuliza kama yeye anaweza kula samaki bila kutolewa miiba kama mtoto. Alicheka hadi akaketi chini. Tangu hapo tumegombana mara nyingi, lakini hatujawahi kudanganyana.

Macharia huchomelea vyuma. Ukipita Ruiru ukaona geti jeusi lenye maua ya chuma yaliyokunjwa vizuri, huenda ni kazi yake. Mwaka juzi alianza kuvimba miguu. Akasema ni kusimama sana. Akaanza kutapika asubuhi, akasema ni moshi wa kazi. Alipoanguka karakana ndipo tukaambiwa kwamba presha ilikuwa imemharibia figo zote mbili, kimyakimya, huku akiinua vyuma kila siku. Tangu wakati huo huenda Thika mara mbili kwa wiki kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Na mishipa ya kuunganishia hiyo mashine ilianza kuziba, mmoja baada ya mwingine. Daktari wake, Kyengo, hakuzunguka mbuyu. Alisema Macharia anahitaji figo ya mtu wa karibu, na anaihitaji kabla mishipa haijaisha.

Damu yangu niliitoa kwanza. Haikupatana na yake. Nililia siku moja, kisha nikamwambia Macharia aite watu wake.

Watu wake wa tumbo moja ni wawili tu: Waruguru, na kaka yao mkubwa, Ndegwa. Ndegwa ni shemasi, ana sauti nzuri ya kuombea vikao, na siku tuliyokutana kule Murera aliomba kwa urefu sana. Alipomaliza akaeleza kwamba yeye angetoa hata zote mbili, ila mgongo wake unamsumbua. Nilitazama chini kwa sababu nilijua uso wangu ungeniponza. Waruguru alikuwa akitafuna hindi la kuchoma mlangoni. Akasema, "Nipimwe mimi. Kwani ni kesi?" Akaendelea kutafuna.

Kundi lake la damu lilipatana na la Macharia. Kilichofuata kilikuwa kipimo cha kuona kama figo zake mwenyewe zinafanya kazi vizuri, kwa sababu hakuna daktari anayemtoa figo mtu ambaye atabaki na moja iliyochoka. Aliambiwa aende kliniki moja ya Thika Jumatatu, atolewe damu.

Sasa, watu wa Murera wana upendo, na upendo wao hupikwa kwenye sufuria. Tata Ngendo, shangazi yao, alitangaza kwamba mtu anayetoa kiungo ni sawa na mama anayejifungua, na mama anayejifungua huchinjiwa. "Damu itatolewa, si ndiyo? Basi iongezwe kwanza!" alisema. Jumapili baada ya kanisa mbuzi akachinjwa. Waruguru akaketishwa kwenye kiti cha wageni, akaletewa mbavu, maini na mapaja, na kikombe juu ya kikombe cha supu nyeusi iliyochemshwa na mizizi ambayo Tata Ngendo peke yake ndiye aijuaye. Watu walimsimamia kumeza. Hata mimi nilifurahi kumwona akiheshimiwa hivyo.

Jumatatu alfajiri lori liliingia Githurai, naye akashusha magunia yake kama kawaida. Akanywa supu iliyobaki, aliyopakiwa kwenye chupa ya chai. Halafu akaja Thika bila kunywa hata tone la maji, kwa kuwa alidhani kipimo cha hospitali ni lazima mtu afunge. Supu hakuihesabu. Supu kwake ilikuwa dawa.

Majibu tulipewa na daktari mmoja kijana aliyekuwa na foleni ndefu nje ya mlango. Alisoma karatasi kabla hatujaketi.

"Kreatinini yako ni mia moja na kumi na mbili," akasema. "Kwa mwanamke tunataka iwe chini ya tisini hivi. Na GFR, yaani kazi ya figo, ni hamsini na mbili. Mama, figo zako ziko kama nusu. Huwezi kutoa. Wewe mwenyewe unafaa kuanza kliniki."

"Nusu?" Waruguru akauliza. "Nusu ya nini?"

"Ya kazi inayotakikana."

"Na hiyo mia moja na kumi na mbili, mmehesabu nini ndani yangu?"

Daktari akatazama mlango. "Ni takataka ya mwili, mama. Imezidi. Muuguzi atawaelezea." Muuguzi naye alikuwa na foleni yake. Tukajikuta nje, Waruguru ameshika karatasi mbali na uso kama mtu aliyepewa noti bandia.

Habari zilifika Murera kabla yetu. Ndegwa alinipigia simu nikiwa bado Thika.

"Mama Wamboi, tumeelewa," akasema, kwa ile sauti ya kikao. "Hii kitu iko kwa damu ya ukoo. Macharia ameshikwa, sasa Waruguru. Hakuna haja ya mwingine kujisumbua kupimwa. Mungu amefunga huo mlango."

Nilimwambia mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Nilikata kwa sababu nilikuwa nimeuelewa ujanja wake papo hapo: kama ni ugonjwa wa ukoo, basi hakuna atakayemuuliza tena kuhusu mgongo wake. Na kama hakuna wa kupimwa, mume wangu amekwisha. Hesabu ilikuwa hiyo tu, na alikuwa ameifunika kwa jina la Mungu.

Nyumbani Macharia alisikiliza, akalala chali, akasema, "Afadhali. Sikutaka akatwe kwa ajili yangu." Nilikuwa na sufuria mkononi, na nakiri ilitaka kuruka. Mtu anakupigania, halafu unasema afadhali! Nilitoka nje nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Sokoni nako hawakumwacha Waruguru. Wamama waliokuwa wakigombania naye wateja wakaanza kumwambia "pole". Mwanawe, Mwas, alimpigia simu kutoka kazini kwake kumwambia aache magunia, akae nyumbani, angojee kliniki. Waruguru alinieleza baadaye kwamba hilo ndilo lililomchoma kuliko yote. "Wote wanajua niko nusu," alisema, "lakini hakuna hata mmoja anajua ni nusu ya nini."

Asubuhi ya tatu alifika mlangoni kwangu Ruiru kabla sijafungua duka.

"Mama Wamboi, vaa viatu."

"Tunaenda wapi?"

"Kwa Kyengo. Hii karatasi lazima iongee Kiswahili leo."

Hatukuwa tumepanga kumwona Daktari Kyengo siku hiyo. Karani alituambia turudi wiki ijayo. Waruguru akamwambia sawa, atangoja hapo hapo hadi wiki ijayo, akaketi na kutoa viazi vya kuchemsha mfukoni. Kabla havijaisha tukaitwa. Kyengo ni mtu wa Machakos, mrefu, mwenye sauti ya chini. Humjui kama amekasirika au amefurahi. Waruguru aliweka karatasi mezani na kuigonga kwa kidole.

"Daktari, sijakuja kubishana. Kama ni mgonjwa, nitakubali kama mtu mzima. Lakini sitakubali namba sijui. Nielezee vile ungeelezea mtu wa viazi."

Kyengo aliisoma, akaegemea kiti. "Misuli yako, kila siku, hutoa takataka. Ndiyo hiyo kreatinini. Inaingia kwa damu, figo zinaifagia, inatoka na mkojo. Tukitoa damu tunahesabu ile imebaki bila kufagiwa."

"Kama soko jioni."

"Haya, kama soko jioni."

"Na yangu imepatikana chafu. Kwa hivyo mfagiaji wangu ni mvivu?"

"Pengine ni mvivu," Kyengo akasema. "Ama pengine siku hiyo soko ilifurika, na mfagiaji ni yule yule, mzuri tu. Namba haiwezi kuniambia ni gani. Inahesabu takataka, basi. Ndiyo maana mtu anafaa kuulizwa maswali, na ninaona hapa hakuna mtu alikuuliza. Ulikula nini siku moja kabla?"

Waruguru akanitazama. Mimi nikatazama ukuta.

"Mbuzi," akasema.

"Kiasi gani?"

"Daktari, walinichinjia."

Kyengo akaweka kalamu chini. Alimwuliza kila kitu, na Waruguru akajibu kila kitu, mpaka chupa ya supu na magunia ya alfajiri. Kila jibu lilipotoka, kidole cha daktari kiligonga meza taratibu. Halafu akatueleza. Nyama ikipikwa inatengeneza kreatinini yake yenyewe, na mtu akiila inapanda kwenye damu yake kwa saa kadhaa, bila figo kuwa na kosa lolote. Mwenye misuli mingi hutoa takataka nyingi kuliko mtu wa kukaa ofisini. Kubeba mizigo mizito asubuhi hiyo hiyo huongeza. Kukosa maji huongeza tena. Na ile hamsini na mbili ya GFR si kipimo cha pili, alisema. Ni hesabu inayofanywa kutoka kwa kreatinini hiyo hiyo, ikichanganywa na umri na kama mtu ni mwanamke au mwanamume. Ya kwanza ikipotoka, ya pili inaifuata.

Nilitaka kupiga vigelegele mle ndani. Kyengo akainua mkono kunizuia kabla sijaanza.

"Msishangilie," akasema. "Sijasema hana ugonjwa. Mtu anaweza kupoteza nusu ya kazi ya figo na asisikie chochote. Macharia alikuwa anachomelea mageti hadi siku ile alianguka. Nguvu ya mgongo si ushahidi wa figo. Na hiyo mizizi, mama, ndiyo inaniogopesha zaidi ya mbuzi. Kuna mizizi inaua figo kabisa. Tutapima tena, damu na mkojo, na safari hii tutapima wewe, si mbuzi."

Waruguru hakucheka. Alikunja karatasi taratibu.

"Na ukipata ni ugonjwa kweli?"

"Nitakuambia hapo hapo, na nitakutibu."

"Hivyo ndivyo nilitaka kuambiwa," akasema. "Sikukuja nidanganywe niko mzima. Huko nje wamenidanganya niko maiti, inatosha."

Masharti yalikuwa mafupi. Hadi siku ya kipimo asile nyama yoyote, asibebe mizigo, anywe maji kama kawaida yake, asiguse mizizi wala vidonge vya maumivu vya kujinunulia. Samaki pia hapana.

"Hata omena?" nikauliza. Swali lilinitoka tu.

"Hata omena."

Nilimwambia Kyengo kwamba sasa ameingilia mambo ya watu wa ziwa. Hapo ndipo nilipomwona akitabasamu.

Waruguru aliacha kibanda mikononi mwa jirani yake wa soko na kwenda kupumzika kwake Murera, jirani na boma la wazazi wao. Mimi nilihamia huko nikamwacha binti yetu Wamboi na baba yake, kwa sababu nilijua kazi ngumu haitakuwa kumzuia Waruguru asibebe gunia. Kazi ngumu ingekuwa majirani. Alikula maharagwe na ugali na mboga, akazunguka shamba akiwa amekunja mikono nyuma, akilalamika kwamba mgongo wake haujui la kufanya. Siku ya kwanza alizitukana nyanya za shambani. Siku ya pili aliamua kupaka kuku rangi za kuwatambua, na nikamsaidia, maana bila hivyo angenigeukia mimi.

Alasiri ya kabla ya kipimo wakaja. Tata Ngendo mbele, amebeba sufuria iliyofunikwa kwa kitambaa, na Ndegwa nyuma na Biblia, na wanawake wawili wa kanisa waliokuja kuimba. Harufu ilitangulia. Ilikuwa supu ile ile nyeusi, na safari hii ilikuwa ya kichwa na miguu.

"Mtoto wangu," Tata Ngendo akasema, machozi yakimlenga, "wamesema figo yako ni mbaya. Nimekuchemshia ya kuosha. Nimeweka mizizi mara mbili."

Mtu ambaye hakukulia kule hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Supu ya namna hiyo haikataliwi. Ukiikataa umemkataa aliyeipika, umemkataa mbuzi, umewakataa na wale waliokufa zamani. Nimekaa katika ukoo huo miaka mingi na sijawahi kumwona mtu akisukuma kikombe cha Tata Ngendo. Mimi mwenyewe, mtu wa samaki, nimemeza vikombe vyake nikiwa nimefumba macho.

Waruguru alisimama. Akamshika shangazi yake mikono yote miwili, sufuria ikiwa kati yao.

"Tata, nakupenda. Hii siinywi."

"Ati nini?"

"Siinywi. Kesho napimwa. Hii supu ndiyo ilifanya nikaitwa mgonjwa."

Ilikuwa kama ametukana. Wale wanawake wa kanisa walitazamana. Tata Ngendo alishikilia mlango. "Supu yangu?" aliuliza, kwa sauti ndogo sana. "Ngai, supu yangu?" Nilimwonea huruma kwa kweli, kwa sababu mzee yule hakuwa na ubaya hata kidogo. Waruguru akamketisha, akamweleza habari ya soko na mfagiaji, polepole, kwa Kikuyu, akishika goti lake. Sikufuata yote, lakini niliona uso wa mzee ukilegea.

Ndegwa hakulegea. "Waruguru, unabishana na majibu ya hospitali," akasema. "Unabishana na wazee. Sasa unabishana na Mungu. Alishasema hapana. Hii ni ya ukoo, ukubali upumzike, na Macharia pia apumzike."

Neno hilo la Macharia kupumzika lilinipandisha damu kichwani. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Waruguru alinitangulia. Alichukua kikombe, akakijaza kutoka kwenye sufuria hadi pomoni, akakiweka mbele ya kaka yake.

"Kama ni ya ukoo, wewe pia uko ndani ya ukoo," akasema. "Kunywa. Halafu kesho twende na wewe Thika, ukapimwe. Ukipatikana mzuri na hii supu tumboni, nitaamini si supu, na nitanyamaza hadi kufa."

"Mgongo wangu..."

"Hawatoi damu kwa mgongo, Ndegwa! Wanatoa kwa mkono!"

Ndegwa alitazama kikombe, akatazama dari, akatazama saa. Akasema ana ibada. Mimi nilimsindikiza hadi lango kwa heshima zote, nikalifunga kwa komeo. Tata Ngendo alibaki. Mwishowe alikunywa kile kikombe yeye mwenyewe, akasema si vizuri chakula kutupwa, na kwamba hata hivyo yeye hapimwi kesho.

Kipimo kilifanywa. Majibu hayakukawia, lakini Waruguru alipoitwa ndani aligoma kuingia peke yake, akanivuta kwa mkono wa sweta. Kyengo alikuwa na karatasi mbili, ya damu na ya mkojo. Kreatinini, sabini na mbili. GFR, themanini na tisa. Mkojo hauna protini wala damu.

"Ongea soko," Waruguru akamwambia.

"Mfagiaji anafanya kazi," Kyengo akasema. "Lakini sitakupeleka kukatwa kwa karatasi moja nzuri, kama vile hungekubali kukataliwa kwa karatasi moja mbaya. Tunarudia tena, halafu kuna kipimo cha picha kinachoonyesha kila figo inafanya kazi kiasi gani."

Ndivyo ilivyokuwa. Damu ikarudiwa, ikakaribiana na ile ya pili. Picha ikapigwa Nairobi, kila figo ikaonekana inabeba sehemu yake. Moyo ukapimwa, mapafu, sukari, presha. Kila mara Waruguru aliuliza wanahesabu nini, na hakutoka chumbani kabla hajajibiwa. Nimewaona wauguzi wakivuta pumzi wakimwona akiingia. Sikuwaonea huruma hata kidogo. Kama yule daktari wa kwanza angeulizwa na watu kumi wa namna hiyo kwa siku, angejifunza kuuliza mtu amekula nini.

Sasa kilichobaki kilikuwa Macharia. Kila nilipomletea habari njema alizipokea kama mtu anayeletewa barua ya polisi. Alikuwa amekonda, mashavu yamemwingia, mikono ile ya kukunja chuma imebaki mifupa na makovu. "Sitaki," alikuwa akisema. "Amebeba viazi tangu msichana ndipo mimi nisome. Sasa abebe na hii? Nikifa nimekufa." Nilimwomba, nilimfokea, nilimnyima maneno kwa siku nzima. Hakutikisika. Ni wa tumbo moja na Waruguru, sijui nilitarajia nini.

Hospitali ya Nairobi ambako figo ingehamishwa haimpasui mtu kabla hajaketi na mshauri, peke yake, na kuulizwa kama anatoa kwa hiari. Tulienda watatu. Mshauri alikuwa bwana mpole anayeitwa Wamalwa. Alimwita Waruguru ndani, akatuomba mimi na Macharia tungoje kwenye benchi, kisha akafunga mlango vizuri, kwa sababu ni mambo ya siri.

Mlango haukusaidia. Mtu aliyeuza viazi Githurai miaka yote hiyo hana sauti ya chumbani. Maswali ya Wamalwa hatukuyasikia, yalikuwa kama mtu anayenong'ona kanisani. Majibu tuliyasikia yote.

"Ndiyo, najua nitabaki na moja."

Mnong'ono.

"Najua naweza kufa kwa meza. Nimeelezewa. Na najua hata yeye inaweza mkataa. Nimeuliza hiyo mara mbili."

Mnong'ono tena, mrefu kidogo. Macharia alikuwa akitazama viatu vyake.

"Kulazimishwa?" Sauti ya Waruguru ilipanda hadi mama mmoja aliyekuwa akipita na mtoto akasimama. "Ati kama kuna mtu amenilazimisha? Daktari, shika kalamu uandike vizuri. Tangu mwaka uanze watu wamenilazimisha nisitoe. Hospitali imenilazimisha nisitoe. Kaka yangu amenilazimisha na Biblia. Shangazi amenilazimisha na sufuria. Mtoto wangu amenilazimisha kwa simu. Hata huyo mgonjwa ameketi hapo nje ananilazimisha nisitoe, na ni yeye anakufa! Hakuna mtu hata mmoja amenilazimisha nitoe. Hii figo ni kitu ya kwanza katika maisha yangu nimebeba kwa sababu nimetaka mimi. Andika hivyo. Andika na jina langu."

Macharia alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Nilimpa mkono, akaukataa, akainuka mwenyewe, na ilimchukua muda. Alivuka ukumbi akibisha ule mlango kabla hajaufikia, kwa ngumi hewani, kama mtu anayeogopa kuchelewa. Kisha akaufikia, akaugonga kwelikweli.

"Fungua," akasema. "Ni mdogo wake. Mwambie nimekubali."